Nyumba zetu za Ujiji zinalindwa na sheria gani?

Swali: Mimi ni mstaafu, mkazi wa Ujiji, na nyumba ninayoishi ilijengwa na babu yangu. Mfanyabiashara mmoja amenunua nyumba tatu zilizofuatana katika mtaa wetu, na tumesikia kwamba atazibomoa ili ajenge ghorofa nne za maduka na nyumba ya kulala wageni. Wakati huohuo, watu waliokuja kupima barabara wamechora alama ya X kwenye baraza za nyumba kadhaa na kwenye miembe miwili mikubwa. Tulipouliza, tuliambiwa kuwa mambo yameshamalizika manispaa, na wengine wanatuita wapinga maendeleo. Ujiji ni mji wa historia, je, hakuna sheria inayoutunza? Tuanzie wapi? Na vijana wetu wanaosema bora tuuze tuondoke, tuwajibu nini?

Jibu: Shikamoo Mzee wangu. Nitaanza na suala la sheria, kwa sababu majibu ya mengine yote yanalitegemea. Sheria ya kutunza vitu vya kale tunayo, lakini kwa jinsi ilivyoandikwa hailindi nyumba zenu kwa sababu tu ziko Ujiji. Kinachoweza kuzilinda ni taratibu za mipango miji, na taratibu hizo humsaidia mwananchi anayefika mapema akiwa na maandishi mkononi kuliko anayefika na malalamiko baada ya msingi kuchimbwa.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalihesabu jengo kuwa la kale moja kwa moja, bila tangazo lolote, ikiwa lilijengwa kabla ya mwaka 1863. Jengo la baada ya hapo huingia katika ulinzi huo pale tu Waziri mwenye dhamana anapolitangaza katika Gazeti la Serikali. Sasa uitazame historia ya mji wako kwa kipimo hicho. Wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke walifika Ujiji Februari 1858 wakakuta biashara ya misafara imeshafika ziwani. Stanley alimkuta Livingstone hapo mwaka 1871. Na katika miaka hiyo ya 1870 mkubwa wa wafanyabiashara wa pwani waliokaa hapo alikuwa Mwinyi Kheri. Sehemu kubwa ya yale yanayoipa Ujiji jina iko upande wa pili wa mstari wa 1863. Isitoshe, nyumba za udongo na boriti hazikai bila kujengwa upya, na kila kizazi kimeinua kuta zake juu ya msingi wa kizazi kilichotangulia. Kwa hiyo nyumba ya babu yako, hata kama imefuata umbo lilelile la zamani, ukumbi katikati, vyumba pande mbili, ua nyuma na baraza mbele, mbele ya sheria hiyo ni nyumba ya kawaida.

Naliona hili kuwa pengo kubwa, na ninalisema wazi kwa sababu wakazi wengi hawalijui mpaka siku tingatinga linapofika. Mahali alipokutwa mgeni, yaani Livingstone, pamejengewa mnara na makumbusho, ilhali mitaa ya wenyeji waliompokea, wakamlisha na kumuuguza haikuwekewa ulinzi wowote. Wajiji, Wamanyema, Waha na watu wa pwani waliooana na kujenga mji huu ndio historia yenyewe, na nyumba zao ndizo ushahidi wake.

Hata hivyo, ndani ya sheria hiyo kuna mambo mawili yanayowagusa moja kwa moja. La kwanza ni kwamba milango na fremu za milango zilizochongwa hapa nchini kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1940 zimo katika vitu vinavyolindwa, na biashara yake pamoja na kusafirishwa kwake nje ya nchi vinahitaji kibali. Ikiwa miongoni mwa nyumba tatu zilizonunuliwa kuna mlango wa aina hiyo, mwandikieni Mkurugenzi wa Malikale katika Wizara ya Maliasili na Utalii kabla haujang'olewa, na mwambatishe picha. La pili ni kwamba mtu yeyote anayechimba akakuta vitu vya kale, viwe vigae, shanga au masalia mengine, ana wajibu wa kutoa taarifa. Na kwa Ujiji, kuchimba msingi wa ghorofa nne bila kukutana na kitu cha namna hiyo ni jambo ambalo nisingelitegemea. Kama kuna makaburi katika viwanja hivyo, hayahamishwi kwa makubaliano ya mdomo.

Mtasikia pia kwamba Ujiji iko UNESCO. Ukweli ni kwamba mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu katika orodha ya awali ya maeneo ambayo nchi inakusudia kuyapendekeza yawe Urithi wa Dunia, na Ujiji ni mojawapo ya vituo sita vilivyotajwa, pamoja na Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde na Kwihara ya Tabora. Orodha hiyo haizuii mtu kubomoa nyumba. Thamani yake kwenu ni ya hoja: ni serikali yenyewe iliyotamka mbele ya mataifa kwamba mji huu una umuhimu, na ni halali kuikumbusha halmashauri kauli hiyo kwa maandishi.

Sasa nije kwenye ghorofa. Kununua nyumba tatu hakumpi mtu haki ya kujenga anachotaka juu yake. Chini ya Sheria ya Mipango Miji Namba 8 ya mwaka 2007, uendelezaji wa ardhi mjini unahitaji idhini ya mamlaka ya upangaji, ambayo kwenu ni Halmashauri ya Manispaa ya Kigoma Ujiji. Kwa mradi kama mnaouelezea, idhini hiyo haiwi moja. Viwanja vitatu lazima viunganishwe kisheria viwe kimoja. Matumizi lazima yabadilishwe kutoka makazi kwenda biashara. Kisha ndipo kinafuata kibali cha ujenzi kwa michoro ya mbunifu majengo na mhandisi waliosajiliwa. Ombi la kubadili matumizi hutakiwa kujulikana kwa majirani ili mwenye pingamizi apate nafasi ya kulitoa, na maombi haya hupitia Kamati ya Mipango Miji na Mazingira ya halmashauri, ambamo madiwani wenu wanakaa. Kwa mradi wa ukubwa huo ni vema pia kuuliza Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira kama umesajiliwa kwake na kama unahitaji tathmini ya athari kwa mazingira, kwa sababu katika tathmini hiyo maoni ya majirani huchukuliwa na kuandikwa.

Mlipoambiwa kwamba mambo yameshamalizika, swali la kuuliza lilikuwa: yamemalizika katika hatua ipi, kwa kikao cha tarehe ipi, na kwa barua yenye kumbukumbu namba ngapi? Kauli hiyo hutolewa mara nyingi wakati ambapo kilichopo ni ombi tu, na wananchi wakiiamini huacha muda wa pingamizi ukapita. Mwandikieni Mkurugenzi wa Manispaa, nakala kwa Afisa Mipango Miji, Diwani na Afisa Mtendaji wa Mtaa, mkiomba kuonyeshwa maombi yote yanayohusu viwanja hivyo. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa mwananchi haki ya kuomba taarifa iliyo mikononi mwa ofisi ya umma na kujibiwa ndani ya siku 30. Itajeni sheria hiyo katika barua kwa jina lake, na kila barua mnayoipeleka nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe.

Pingamizi lenyewe lisiandikwe kama kilio cha kupotea kwa historia peke yake. Najua ndicho kinachowauma zaidi, lakini afisa anayepokea barua anahitaji kitu anachoweza kukipima. Ghorofa nne katika mtaa wa nyumba za chini zitawaziba majirani mwanga na upepo, na madirisha yake yatatazama nyuani, ambako akina mama hupikia na watu huoga. Vyoo na mashimo ya maji taka ya nyumba ya wageni vitakuwa na uzito ambao mashimo ya kawaida ya mtaa huo hayakukusudiwa kuubeba. Msingi wa kina kirefu ukichimbwa pembeni mwa ukuta wa udongo usio na nguzo, ukuta huo hupasuka, na ni lazima mwenye mradi aulizwe mapema atawajibika vipi. Magari ya mizigo yatageuzia wapi? Mstari wa mbele wa jengo utafuata mstari wa baraza zilizopo, au utatokeza nje na kulivunja baraza la jirani? Hoja za namna hii hazijibiwi kwa kuitwa mpinga maendeleo, kwa kuwa hata anayelitaka jengo hilo atalazimika kuzijibu.

Kabla ya kuandika pingamizi fanyeni kazi moja, ambayo naihesabu kuwa ndiyo yenye thamani kuliko zote: orodhesheni mtaa wenu. Chagueni vijana wawili au watatu wenye simu nzuri na mzee mmoja anayeheshimika, wapite nyumba kwa nyumba kwa ridhaa ya wenyewe. Kwa kila nyumba waandike imejengwa na nani na takribani lini, kuta zake ni za tofali mbichi, za miti na udongo au za tofali za kuchoma, paa liliezekwa kwa nini zamani na sasa lina nini, kama kuna mlango wa kuchongwa, kisima, kaburi au mti mkubwa, nani aliwahi kuishi humo na kazi gani ilifanyika kwenye baraza lake, iwe ni madrasa, ushonaji au biashara ya dagaa. Picha zipigwe mchana, mbele, pembeni na uani, na picha moja ya mtaa mzima kutoka kila mwisho. Wazee wanaokumbuka warekodiwe sauti. Kisha mchore ramani ya mkono inayoonyesha nyumba ipi iko wapi.

Orodha hiyo itawafaa kwa njia nyingi. Ni kiambatisho cha pingamizi. Ni ushahidi wa hali ya nyumba zenu iwapo zitapata nyufa kutokana na ujenzi. Ni msingi wa madai ya fidia barabara ikipita. Na, la muhimu kwa siku za mbele, ndiyo itakayowawezesha kuiomba halmashauri itumie mamlaka iliyonayo chini ya Sheria ya Mipango Miji ya kuhifadhi majengo au makundi ya majengo yenye umuhimu wa kihistoria, na kumwomba Waziri atangaze baadhi yake chini ya Sheria ya Mambo ya Kale, jambo linalofunga lile pengo la 1863. Halmashauri nyingi hazikatai kuhifadhi. Hazijui tu kilichopo, na hakuna fungu lililotengwa la kwenda kukitafuta. Atakayewapelekea orodha iliyokamilika amewaondolea kisingizio hicho.

Kuhusu barabara, niambie kwanza rangi ya hiyo X. Kwa desturi ya nchi yetu, X nyekundu humaanisha kwamba wenye barabara wanaamini jengo limo ndani ya hifadhi ya barabara, yaani eneo lililotengwa kwa ajili ya barabara, na halina fidia, na X ya kijani humaanisha kwamba jengo litafidiwa. Tofauti hiyo ilienea baada ya Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, kwa kuwa hifadhi ilipanuliwa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande wa katikati ya barabara, na waliokuwa nje ya mpaka wa zamani wakajikuta ndani ya mpya. Lakini upana huo ni wa barabara kuu na barabara za mkoa. Mtaa wa ndani ya mji unaosimamiwa na TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, hufuata upana uliomo katika mchoro wa mipango miji. Kwa hiyo waombeni mchoro huo na muulize barabara yenu imo katika daraja lipi. Nyumba iliyotangulia barabara haigeuki kuwa mvamizi kwa kupigwa rangi.

Ikiwa mradi ni wa TACTIC, yaani mpango wa kuboresha miundombinu ya miji, unaogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia katika miji 45, Kigoma Ujiji ikiwa miongoni mwake, mna mlango wa ziada. Mfumo wa mazingira na jamii wa benki hiyo, ulioanza kutumika Oktoba 2018, una kiwango maalumu cha urithi wa utamaduni, cha 8, kinachodai urithi utambuliwe na wahusika washirikishwe kabla ya kazi, hata kama sheria ya nchi haijautangaza. Miradi hiyo huwa na kamati ya kupokea malalamiko. Pelekeni lalamiko huko kwa maandishi, pamoja na orodha yenu.

Kuna jambo la ufundi ambalo wakazi hulisahau wakihangaika na X, nalo ni kimo cha barabara. Lami ikiwekwa juu ya kifusi kilichoinuliwa, barabara huishia juu ya baraza, na maji ya mvua za Novemba hadi Aprili huingia ndani badala ya kutoka. Ukuta wa udongo unaweza kukaa miaka mingi ukiwa na paa zuri na miguu mikavu, lakini ukilowa chini kwa misimu miwili au mitatu huanza kumeguka kuanzia usawa wa ardhi. Naweza kusema kwamba mfereji uliowekwa vibaya huiangusha nyumba ya kale kwa uhakika kama tingatinga, tofauti ikiwa ni kwamba kwa mfereji hakuna anayelipwa fidia. Hivyo ulizeni mapema: uso wa lami utakuwa chini au juu ya kizingiti changu, na mfereji utatoa maji wapi? Waombeni wakwangue udongo wa zamani kabla ya kumwaga kifusi kipya. Na mkitengeneza kuta wenyewe, msizipake saruji juu ya udongo, kwa sababu saruji huufungia unyevu ndani. Plasta ya udongo au ya chokaa huuacha ukuta ukauke.

Miembe nayo ina nafasi yake. Miembe ya Ujiji ni sehemu ya umbo la mji, ndiyo kivuli cha soko na mikutano, na mara nyingi barabara inaweza kupindishwa kidogo au njia ya waenda kwa miguu ikapita nyuma ya mti. Itieni kwenye ramani yenu pamoja na vipimo vya shina, kisha mpendekeze wazi mstari mbadala. Pendekezo huzingatiwa kuliko katazo.

Ikibidi nyumba itwaliwe, fidia ya haki haiishii kwenye kuta. Inajumuisha thamani ya soko ya ardhi na jengo, posho ya usumbufu, ya usafiri na ya makazi, na faida inayopotea kwa mwenye biashara, na inapocheleweshwa zaidi ya miezi sita hudaiwa riba. Hatari kwa nyumba ya udongo ni kwamba mthamini akipiga hesabu ya gharama za kuijenga upya na kutoa uchakavu, hubaki na fedha kidogo sana. Thamani ya soko huthibitishwa na mauzo ya karibuni katika eneo hilo, na ninyi mnayo matatu, yale ya mfanyabiashara wenu. Tafuteni bei halisi alizolipa. Msisaini fomu ya uthamini isiyojazwa, na kila mmoja abaki na nakala yake.

Mahakama ipo, lakini iwe ya mwisho. Kuishtaki serikali au halmashauri hutanguliwa na notisi ya siku 90, na katika siku hizo kuta zinaweza kubomolewa zote.

Kuhusu kuitwa wapinga maendeleo, mtazame kwanza kwa nini shinikizo limekuja sasa. Reli ya kati ilipofika Kigoma mwaka 1914, biashara ilihamia kwenye ghuba yenye kina, na Ujiji ikabaki na mitaa yake kwa sababu hakukuwa na fedha ya kuibadilisha. Mkataba wa reli ya kisasa kutoka Tabora hadi Kigoma ulitiwa saini Desemba 2022, na biashara na Kongo kupitia ziwani inavutia mitaji. Ardhi ya Ujiji itazidi kutakiwa. Mimi siamini kwamba mji ufungwe kama kabati la makumbusho. Watu wanahitaji maji, maduka, taa na vyumba vya wageni. Ningekuwa katika kamati hiyo, ningeridhia jengo la ghorofa moja juu ya chini, lenye baraza mbele katika mstari wa jirani zake, maduka chini na vyumba juu, huku nyumba iliyo imara zaidi kati ya zile tatu ikibakizwa na kukarabatiwa. Mwiteni mfanyabiashara huyo mkae naye mkampe pendekezo hilo. Wageni wanaofika Ujiji hawaji kutazama ghorofa nne, na yeye anajenga nyumba ya wageni.

Limebaki la vijana. Wasijibiwe kwa kukemewa, kwa sababu nyumba inayovuja, isiyo na hati na yenye warithi kumi na wanane si mali rahisi kuitunza, na ndiyo maana inauzwa na ndugu mmoja usiku bila wengine kujua. Katika mitaa ya kale niliyoifanyia kazi, nyumba nyingi zimepotea kwa mlango huo kuliko kwa amri yoyote ya serikali. Basi kikao cha kwanza kiwe cha ukoo. Kama mirathi ya babu haijafunguliwa, nendeni Mahakama ya Mwanzo mteue msimamizi wa mirathi kwa muhtasari wa kikao uliosainiwa na wote, kwa kuwa bila msimamizi hakuna mwenye mamlaka ya kuuza, kupinga wala kupokea fidia kwa niaba yenu. Anayeishi humo na mwenzi wake akumbuke kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu nyumba ya ndoa kuuzwa bila ridhaa ya mwenzi huyo. Kisha iulizeni ofisi ya ardhi kama mtaa wenu umo katika mpango wa urasimishaji, ili nyumba ipate hati kwa jina la msimamizi. Vijana wapewe hesabu mbili kwenye karatasi moja: bei inayotolewa leo ikigawanywa kwa warithi wote, na kodi ya vyumba viwili vya mbele vikikarabatiwa na kupangishwa. Wakiziona zote mbili na bado wengi wakataka kuuza, ni haki yao, ila mthamini aliyesajiliwa aitwe kabla mtu yeyote hajataja bei, na nyumba ipigwe picha zote kabla ufunguo haujakabidhiwa.